Wiki ya Kumi, Goti Lilipoacha Kuuma

Niliumia goti la kulia jioni moja ya Oktoba 2023, kwenye uwanja wa saruji ambao wanawake wa ofisi tatu zinazopakana, hapa Dar es Salaam, tunautumia kwa mazoezi ya mpira wa pete. Nilikuwa na umri wa miaka 38. Sikuwa mchezaji wa kulipwa, na sijapata kuwa. Nilikuwa mhasibu ambaye kila Jumanne na Alhamisi, baada ya saa za kazi, alivaa kizibao chenye herufi GA, yaani mshambuliaji msaidizi wa mfungaji, na kwa saa moja akasahau vitabu vya hesabu. Jioni ile nilirushiwa pasi ya juu, nikaruka, nikaudaka mpira, nikatua kwa mguu mmoja huku mwili ukiwa umeshageukia goli. Nilisikia mlio ndani ya goti, mlio mkavu kama wa kijiti kinachovunjwa, na nikajikuta nimekaa chini kabla sijatambua kwamba nimeanguka. Hakuna aliyenigusa.

Wasioujua mpira wa pete hudhani ni mchezo mpole kwa kuwa hauruhusu kusukumana. Kanuni zake zenyewe ndizo zinazoyatwisha magoti mzigo mkubwa: mchezaji aliyedaka mpira haruhusiwi kukimbia nao, na ana sekunde 3 tu za kuutoa, kwa hiyo mwili uliokuwa ukienda kwa kasi hulazimika kusimama pale pale unapotua. Goti likitua likiwa limenyooka mno, au likiangukia ndani kuelekea goti la pili, kano iliyo katikati yake, inayoitwa kano ya msalaba ya mbele, huweza kukatika. Kazi ya kano hiyo ni kuuzuia mfupa wa muundi usiteleze mbele wala kujisokota chini ya fupaja. Wanawake huumia kano hii mara nyingi zaidi kuliko wanaume wanaocheza mchezo ule ule, na mara nyingi huwa hakuna mtu aliyewagonga.

Goti lilivimba usiku ule ule. Shangazi yangu, ambaye amewachua watu wengi mtaani kwetu na ambaye ninampenda kama mama, alinichua kwa mafuta ya karafuu na kunifunga kitambaa. Zahanati niliyokwenda kesho yake ilinipiga eksirei, ikaona mifupa yote mizima, ikanipa dawa za maumivu na kunirudisha nyumbani. Eksirei huonyesha mifupa. Kano haionekani humo, na uvimbe unaokuja ndani ya saa chache baada ya kuumia mara nyingi huwa ni damu iliyovuja ndani ya goti, dalili ambayo peke yake ingetosha kunipeleka kwa daktari wa mifupa. Nilifika kwa daktari huyo wiki tatu baadaye, baada ya goti kunilegea ghafla nikishuka kwenye daladala. Alinilaza kitandani, akalikunja goti kidogo, akaushika muundi na kuuvuta mbele kwa mkono mmoja, akaniambia kilichotokea hata kabla ya kipimo cha MRI kukithibitisha.

Wapo watu wanaoishi vizuri bila kano hii, wakitegemea misuli iliyoimarishwa kwa mazoezi peke yake, na daktari alinieleza njia hiyo kwa kirefu. Mimi nilitaka kurudi kwenye mchezo wa kuruka na kugeuka, na goti langu lilikuwa likilegea hata ninapotembea, kwa hiyo tukakubaliana kuhusu upasuaji. Kabla ya hapo alinipeleka kwenye mazoezi ya viungo mpaka uvimbe uishe na goti liweze kunyooka lote, kwa sababu goti linaloingia chumba cha upasuaji likiwa limekakamaa hutoka likiwa limekakamaa zaidi. Januari 2024 nilipasuliwa kwa njia ya matundu madogo. Kano mpya ilitengenezwa kwa kano mbili za misuli ya nyuma ya paja langu lenyewe, na siku ya pili nilirudi nyumbani Kimara kwa magongo, nikapandishwa ngazi tisa za mawe zinazotoka barabarani hadi kwenye baraza yetu, mume wangu upande mmoja na wifi yangu upande wa pili.

Mtaalamu wa fiziotherapia aliyenishughulikia alikuwa dada mdogo kwangu kwa miaka kama kumi, aliyesomea KCMC, Moshi. Tangu siku ya kwanza aliniita dada, nami nikamwita daktari ingawa alinikatalia. Nilikwenda kwake mara mbili kwa wiki, nikipanda mwendokasi kutoka Kimara na kushuka kituo cha Fire, na siku nyingine zote nilifanya mazoezi nyumbani, mara tatu kwa siku, juu ya mkeka.

Sikujua kwamba msuli unaweza kuzimika. Uvimbe uliomo ndani ya goti huizuia misuli ya mbele ya paja isipokee amri, hata kama misuli yenyewe haikuguswa na kisu. Niliketi mkekani na taulo lililoviringishwa chini ya goti, nikaliangalia paja langu mwenyewe, nikaliamuru lijikaze ili likandamize taulo, nalo halikufanya lolote. Nilirudia hivyo kwa siku nne. Siku ya tano niliona ngozi iliyo juu ya pia ya goti ikitikisika kidogo, nikamwita mume wangu kutoka jikoni aje aone. Baada ya hapo yakafuata kuburuta kisigino kuelekea makalio, kuunyanyua mguu ukiwa umenyooka, kulala kifudifudi huku mguu ukining'inia nje ya kitanda ili uzito wake wenyewe ulinyooshe goti. Zoezi hili la mwisho lilinitoa machozi mara nyingi kuliko upasuaji. Daktari wangu alikuwa amenionya kwamba goti likikosa nyuzi tano tu za kunyooka, nitachechemea, na kuchechemea huko kutaniharibia nyonga na mgongo.

Wiki tisa za mwanzo sikukosa hata siku moja. Sisemi hili kwa kujisifu, kwa maana halikunigharimu uvumilivu mkubwa. Maumivu ndiyo yaliyokuwa mnyapara wangu. Nilipoamka goti lilikuwa gumu, na nilijua kwamba nisipofanya zoezi litabaki gumu mchana kutwa. Nilipofanya, lililainika, na malipo yakapatikana ndani ya dakika ishirini. Tena nilikuwa nikiswali nimekaa kwenye kiti cha mezani, jambo ambalo sikulizoea na lililonihuzunisha, kwa hiyo kila swala ilinikumbusha kwamba mguu wangu haujapona. Watu pia walinikumbusha, kwa sababu magongo yanaonekana, na mtu mwenye magongo huulizwa hali yake kila anapopita.

Wiki ya kumi goti liliacha kuuma. Magongo nilikuwa nimeshayaweka kando, makovu yamefunga, na ofisini watu walikuwa wakinipokea kwa kusema, mashallah, umepona. Nilitembea bila kuchechemea. Nilipanda ngazi zangu tisa bila kushika ukuta. Wakati huo huo mambo mengine matatu yalikutana. Mwezi wa Ramadhani ulikuwa umeanza tarehe 12 Machi, na ratiba yangu ya mazoezi ya asubuhi, mchana na jioni ikavurugika, kwa kuwa mchana sikuwa na nguvu na usiku kulikuwa na futari, tarawehe na maandalizi ya daku. Masika ya mwaka ule yalikuwa makali; bonde la Jangwani lilijaa maji, mabasi ya mwendokasi yakasitishwa, nikakosa miadi miwili mfululizo. Kisha ikaja Idi, na wageni kutoka Tanga waliokaa kwetu siku tisa, na mkeka wangu ukawa ndio wanaolalia watoto.

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi tangu wakati ule, na nataka kulisema kwa usahihi: sikuamua kuacha. Hakuna siku niliyoketi nikasema kwamba mazoezi sasa basi. Kila siku niliyoyakosa ilikuwa na sababu yake ya haki, na kila usiku nilikusudia kuanza kesho. Kama ningeamua kuacha, ningelazimika kumweleza mtu, na huyo mtu angenikataza. Kwa kuwa sikuamua, hapakuwa na wa kunikataza. Wiki tano zilipita hivyo. Na katika wiki zote tano goti halikuniuma hata kidogo, ndiyo maana sikuogopa.

Wiki ya Kimbunga Hidaya, mwanzoni mwa Mei, nilikuwa nikishuka ngazi za nje nikiwa na ndoo nusu ya maji mkononi. Ngazi ya sita mguu wa kulia ulikunjika wenyewe. Niliukamata ukuta, ndoo ikaenda chini, nikaketi pale pale kwenye mvua nikitetemeka. Kufika jioni goti lilikuwa limevimba tena kwa mara ya kwanza tangu Februari. Nilikuwa na hakika kwamba kano mpya imekatika, na usiku ule sikulala. Nilimlaumu kila mtu niliyeweza kumlaumu, kisha nikabaki na mimi.

Kano ilikuwa salama. Daktari wa mifupa alilivuta goti na kusema kwamba linashika vizuri. Tatizo lilikuwa msuli wa paja, ambao haukuwa na nguvu ya kuuhimili mwili ukishuka. Fizio wangu alitoa utepe kama ule wa fundi cherehani, akapima mapaja yote mawili sentimita 15 juu ya pia ya goti. La kushoto lilikuwa na sentimita 51, la kulia sentimita 46.5. Mwezi Machi, kabla sijapotea, tofauti yao ilikuwa sentimita 3. Hakunikaripia. Aliniuliza, "Dada, mara ya mwisho kufanya mazoezi ilikuwa tarehe ngapi?" Nilitafuta kichwani nikakosa jibu, na kukosa jibu kule kuliniumiza kuliko uvimbe.

Kisha akanieleza jambo ambalo pengine alikuwa amenieleza tangu mwanzo, wakati ambapo sikuwa na masikio ya kulisikia. Kano inayopandikizwa haina damu yake yenyewe. Katika miezi ya mwanzo mwili huiingizia mishipa ya damu na kuibomoa huku ukiijenga upya, na kipindi inapokuwa dhaifu kuliko vyote, dhaifu hata kuliko siku ilipowekwa, ni kati ya wiki ya sita na ya kumi na mbili hivi. Kukomaa kwake huchukua mwaka na zaidi. "Umewahi kuhamisha mche kutoka kitaluni?" aliniuliza. "Siku unapoupanda una majani mabichi, kwa sababu bado unaishi kwa maji uliyotoka nayo. Wiki zinazofuata ndipo unapotaka kufa, kabla mizizi haijashika. Wewe umeuona una majani, ukaacha kumwagilia." Nilizaliwa Lushoto, nimehamisha miche ya kutosha, na mfano ule uliniingia moja kwa moja. Goti langu lilikuwa limeacha kuuma katika wiki zile zile ambazo lilihitaji uangalizi kuliko wakati mwingine wowote. Maumivu niliyoyafanya kipimo changu yalikuwa yakipima ngozi iliyofunga na uvimbe ulioisha. Hayakupima kano wala msuli.

Kwa hiyo nilihitaji kipimo kingine, na nilihitaji kiwe kitu ninachoweza kukiona kwa macho. Nilinunua daftari la kurasa 96, la kawaida, la shule. Kila ukurasa ulikuwa wa wiki moja. Sikuandika nilivyojisikia. Niliandika tarehe, zoezi, mizunguko, idadi na uzito, na kila Ijumaa niliandika sentimita za mapaja yote mawili. Ukurasa wa kwanza unaonyesha kwamba tarehe 13 Mei nilisimama kutoka kwenye kiti kwa mguu wa kushoto peke yake mara 17, na kwa mguu wa kulia mara 3.

Nilibadilisha pia saa za mazoezi. Ratiba ya kwanza ilisema asubuhi, mchana na jioni, maneno ambayo ndani ya nyumba yenye mtoto na kazi hayana maana yoyote, kwa sababu asubuhi huanza pale mtu anapoipata. Nikayafunga mazoezi kwenye swala mbili ambazo huniweka nyumbani siku zote: baada ya Alfajiri na baada ya Isha. Nilipokuwa nikimaliza kuswali, mkeka wa mazoezi ulikuwa umeshatandikwa karibu na mswala, kwa hiyo sikuwa na nafasi ya kujiuliza kama nitafanya au sitafanya. Ningekuwa na jambo moja tu la kumwambia mtu aliye katika hali yangu, lingekuwa hili la kutafuta kitu ambacho tayari hakimponyoki kila siku, iwe ni swala, chai ya asubuhi au kumpeleka mtoto shule, na kuyaegemeza mazoezi hapo.

Vifaa havikunishinda. Kwa ukanda wa kuvuta nilitumia tyubu ya baiskeli iliyokatwa, ambayo fundi alinipa bure. Kwa uzito nilitumia dumu la lita 5, ambalo lina uzuri wake, kwa sababu lita moja ya maji ni kilo moja, na mtu anaweza kuongeza nusu lita wiki hii na nusu lita nyingine wiki ijayo bila kununua chochote. Dumu likajaa mwezi Juni, nikalitia kwenye begi la mgongoni na kuongeza la pili. Zile ngazi tisa zilizoniangusha nilizifanya uwanja wangu: nilisimama juu ya ngazi ya chini kwa mguu wa kulia, nikaushusha wa kushoto polepole mpaka kisigino kiguse ardhi, nikaurudisha. Kushuka ndiko kunakofunza msuli kuuhimili mwili, na ndiko kulikokuwa na upungufu. Majirani waliniona kila alfajiri nikishuka ngazi moja na kuipanda tena, mara thelathini na zaidi, na baada ya muda wakazoea.

Mwezi wa tano baada ya upasuaji nilianza kukimbia, taratibu, kwenye nyasi. Mwezi wa sita nikaanza kujifunza kutua, na hapa binti yangu, aliyekuwa na miaka 9, akawa msaidizi wangu wa kweli. Fizio alitaka nitue bila kishindo, magoti yamekunjwa, goti likitazama kule vidole vinakotazama. Nilisimama juu ya kibao kifupi mbele ya kioo cha kabati, na binti yangu akasimama nyuma yangu akiwa amefumba macho. Niliporuka alisema "nimesikia" au "sijasikia". Mara za mwanzo alisikia zote. Daftari linaonyesha kwamba mwisho wa Julai, kati ya mara 20, hakusikia 14. Aliziandika mwenyewe, kwa hati yake, na ninaona kwamba kuanzia siku alizoanza kuandika yeye hakuna siku iliyorukwa, kwa kuwa mtoto hasahau ahadi ya namna ile na haelewi udhuru wa uchovu.

Miezi ya sita hadi ya nane ndiyo iliyokuwa mirefu kuliko yote. Mabadiliko yalikuwa yakija kwa kiasi kidogo mno; wiki tatu nzima paja la kulia lilikaa kwenye sentimita 48.5 bila kusogea, na fizio alipoona, aligundua kwamba nilikuwa nimezoea uzito ule ule na nilikuwa nikihesabu tu bila kuchoka. Akaniagiza nichague uzito ambao marudio mawili ya mwisho yatakuwa magumu kweli. Sikupenda kusikia hivyo, kwa sababu nilidhani uaminifu wangu ulitosha. Baada ya wiki mbili za kubeba madumu mawili yaliyojaa, utepe ulisogea.

Kipindi hicho hicho timu ilikuwa ikijiandaa kwa mashindano ya mwaka ya ofisi zetu, yaliyopangwa Septemba. Nahodha wetu, mwanamke mkarimu ambaye alinitembelea hospitalini na kunipikia, aliniomba nicheze angalau robo moja ya mchezo. Ninakumbuka alivyosema: "Mwenzetu, unakimbia kuliko sisi wenye magoti mazima." Ilikuwa kweli kwamba nilikimbia. Nilimpelekea fizio ombi lile nikitumaini atalikubali. Alinisimulia utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliowafuatilia watu 106 waliofanyiwa upasuaji kama wangu, ambao ulionyesha kwamba kila mwezi ambao mtu aliahirisha kurudi mchezoni, mpaka kufikia mwezi wa 9, ulipunguza kasi ya kuumia tena goti kwa takriban nusu. Mashindano yangeangukia mwezi wangu wa nane. Nilimwambia nahodha kwamba siwezi, nikakaa pembeni kama mtunza alama, na sitaficha kwamba nililia ndani ya basi nikirudi nyumbani.

Mwaka ule ule nilikuwa nikimfuatilia kwenye habari Sam Kerr, nahodha wa timu ya taifa ya soka ya wanawake ya Australia, kwa sababu alikatika kano hiyo hiyo Januari 2024, mwezi nilioingia chumba cha upasuaji. Yeye alikuwa na klabu ya Chelsea nyuma yake, na mwili aliouandaa kwa kazi hiyo maisha yake yote. Alirudi kuichezea klabu yake Septemba 2025. Kila nilipochoka nilijiambia kwamba kama mwanamke yule, pamoja na yote aliyonayo, bado anangoja, basi kungoja si dalili kwamba nimeshindwa.

Oktoba nilipimwa. Kipimo kimojawapo kilikuwa kuruka mbele kwa mguu mmoja na kutua kwa mguu huo huo bila kuyumba. Mguu ulioumia unatakiwa kufikia angalau asilimia 90 ya mguu mzima. Kushoto niliruka sentimita 128, kulia 112, sawa na asilimia 87.5. Nilikuwa nimekosa kwa sentimita 3 na kidogo. Fizio alifunga faili, akaniambia turudi baada ya wiki tano, na mimi, ambaye Aprili nilipotea kwa sababu ya wageni na mvua, nilirudi nyumbani nikafungua ukurasa mpya usiku ule ule. Novemba niliruka 130 kwa kushoto na 121 kwa kulia. Ilikuwa asilimia 93. Alhamisi iliyofuata nilicheza dakika 10, kwa nafasi ile ile ya GA. Pasi ya juu ilipokuja nilihisi tumbo likinikaza, nikaruka, nikatua kwa miguu yote miwili magoti yamekunjwa, nikautoa mpira.

Kilichobaki kilikuwa kukunja goti mpaka mwisho. Kukimbia hakuhitaji kukunja kwingi. Kuketi katika tahiyatu kunahitaji, na goti langu lilikuwa likikataa nyuzi chache za mwisho, huku pia yake ikiuma nikiiweka sakafuni. Kila usiku baada ya Isha nilipiga magoti juu ya mto, nikarudi nyuma polepole kuelekea visigino mpaka nihisi mvuto, nikahesabu thelathini, kisha nikaondoa tabaka moja la kitambaa kadiri majuma yalivyopita. Asubuhi moja ya Desemba niliswali Alfajiri juu ya mswala, rakaa zote mbili, nikasujudu na kuketi kama nilivyokuwa nikiketi kabla ya kuumia. Sikuwa nimemwambia mtu. Binti yangu alipotoka chumbani akaniuliza kiti kiko wapi. Nilimwambia nimekirudisha mezani, nikamkabidhi daftari, nikatia madumu kwenye begi, tukatoka kwenda kwenye ngazi.